Tambi na Nini? Somo la Chakula cha Jioni kwa Familia Nzima



Masomo yetu mengi hutoka shambani: mbolea, mbegu, ufugaji, vikundi vya kuweka na kukopa. Somo la robo hii linatoka jikoni, tena linahusu chakula ambacho wengi wetu hatujawahi kukipeleka kwenye semina ya lishe. Chakula hicho ni tambi.

Malengo ya somo

Baada ya somo hili msomaji aweze:
1. Kueleza kwa nini tambi peke yake si mlo kamili.
2. Kupika tambi za familia nzima kwa kuzichanganya na vyakula vya shambani kwetu.
3. Kuendesha somo la mapishi katika usharika wake bila gharama kubwa.

Kosa langu mwenyewe

Naomba nianze na kosa langu. Miaka michache iliyopita mama watoto alikwenda masomoni kwa miezi kadhaa, nami nikabaki na watoto wetu watatu. Mchana nilikuwa nikizunguka sharikani na vitabu vya lishe kwenye begi. Jioni nilirudi nimechoka, mkaa hauwaki upesi, watoto wana njaa na ugali hawautaki. Ndipo nilipogundua tambi. Robo saa tu zimeiva. Nilitia chumvi, mafuta na nyanya ya kopo kidogo. Siku nyingine sukari tu. Watoto walifurahi, sahani zilirudi tupu, nami nikajiona baba hodari. Tukala hivyo karibu kila jioni.

Mwezi wa tatu kitinda mimba wetu akaanza kulegea. Akirudi kutoka chekechea anajilaza mkekani, hana mchezo. Nikampeleka kituo cha afya nikidhani ni malaria. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, ila kipimo cha damu kilionyesha upungufu. Muuguzi, mama mtu mzima, hakunigombeza. Aliniuliza tu:

"Baba, jana usiku mtoto alikula nini?"

"Tambi."

"Tambi na nini?"

Nikanyamaza.

"Na juzi?"

"Tambi."

"Na nini, baba?"

Kwenye begi langu, hapo hapo magotini, kulikuwa na mabango ya makundi ya vyakula niliyokuwa nikienda kuyagawa sharikani. Sikumwambia muuguzi kazi yangu ni nini.

Mtoto alipewa dawa na akapata nafuu. Ikumbukwe kuwa upungufu wa damu una sababu nyingi, zikiwemo minyoo na malaria, hivyo mtoto anayelegea apelekwe kituoni kwanza. Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Lakini swali lile la muuguzi sikuliacha kituoni. Ndilo somo letu la leo.

1. Tambi ni ndugu wa ugali

Tambi nyembamba, spageti na makaroni vyote ni unga wa ngano uliokandwa, ukakatwa na kukaushwa. Kwa hiyo tambi ziko katika kundi moja na ugali, wali, mkate, viazi na ndizi za kupika. Kundi hili linatupa nguvu, nasi tunalihitaji kila siku. Lakini mtoto hujengwa pia na kunde, vyakula vitokanavyo na wanyama, mboga, matunda na mafuta kiasi. Anayekula tambi na mafuta tu amekula sawa na aliyekula ugali na chumvi, hata kama pakiti ina picha nzuri.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hili linatugusa moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya mama na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kwa Tanzania nzima watoto wapatao 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa walikuwa takribani 57 katika kila 100, na katika mikoa ya Njombe na Rukwa takribani 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Udumavu una sababu zaidi ya moja, lakini takwimu hizi zatuonya kuwa ghala lililojaa nafaka si lazima liwe na watoto waliolishwa vizuri. Tukihama kutoka ugali mtupu kwenda tambi tupu tutakuwa tumebadilisha sahani, si mlo.

Jambo la pili ni fedha. Ngano nyingi tunayotumia nchini inatoka nje, ingawa inalimwa pia Hanang, Magharibi mwa Kilimanjaro na hapa kwetu Nyanda za Juu. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya unga wa ngano ilipanda hadi katika maduka ya vijijini. Kwa sababu hiyo hatushauri tambi ziwe chakula cha kila siku. Zipikwe mara moja kwa wiki, watoto wazifurahie, na mchuzi wake utumike siku nyingine kwa ugali, viazi au wali.

2. Kuchanganya si jambo geni

Mjumbe mmoja aliniuliza katika semina, "Tambi za Wazungu na dagaa wetu, wapi na wapi?" Swali zuri. Jibu ni kwamba Waitaliano wenyewe, wanaosifika duniani kwa tambi, wamekula hivyo tangu zamani. Wakulima wa Italia wana chakula chao cha tambi na maharage, kilichopikwa sana katika nyumba zisizokuwa na uwezo wa kununua nyama. Katika kisiwa cha Sicily hupikwa tambi kwa samaki wadogo wa dagaa, na juu yake hunyunyizwa chenga za mkate uliokaangwa. Chenga hizo zilikuwa jibini ya mtu asiyeweza kununua jibini.

Hapa Afrika, Wasomali walizoea tambi wakati wa utawala wa Waitaliano, wakazitilia viungo vyao na mchuzi wa nyama, na mara nyingi huzila na ndizi mbivu pembeni. Ndugu zetu wa Pwani hupika tambi kwa sukari, hiliki na wengine kwa nazi, hasa wakati wa Ramadhani. Kila watu wamezichukua tambi na kuziuliza swali lile lile: na nini? Kila mmoja amejibu kwa kilichopo kwake. Sisi kwetu kuna maharage, karanga, mchicha, karoti, parachichi, na dagaa sokoni. Hatuna sababu ya kujibu kwa nyanya ya kopo.

3. Mahitaji (kwa watu 6)

- Tambi ndefu (spageti) au makaroni, pakiti 1 ya gramu 500
- Maharage makavu, vikombe 1½
- Dagaa wakavu, kikombe 1, waliotolewa vichwa
- Karanga zilizokaangwa na kusagwa, vijiko 4 vya chakula
- Nyanya zilizoiva, 6
- Vitunguu maji 2, na punje 4 za kitunguu saumu
- Tangawizi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba
- Karoti 2 kubwa
- Mchicha au majani ya maboga, mafungu 2
- Mafuta ya kula, vijiko 4 vya chakula
- Binzari ya manjano, nusu kijiko cha chai
- Limau 1
- Parachichi 2 zilizoiva
- Chumvi yenye madini joto, kiasi

Karanga zichambuliwe vizuri. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, zisipewe hata kuku, kwa sababu ya sumukuvu. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo.

4. Hatua za kupika

*Hatua ya kwanza: maharage.* Yaloweke usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Anayefanya kazi mchana ayachemshe siku ya Jumamosi na kuyahifadhi kwa baridi, au ayapike jana yake. Jioni ya kupika tambi maharage yawe tayari. Bila hivyo mtu atakata tamaa na kurudia mafuta na chumvi. Nasema hivi kwa kuwa nimepita huko.

*Hatua ya pili: dagaa.* Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, wakaushe kwa kitambaa safi. Wakaange kwa mafuta yote mpaka wawe wakavu wa kulia mdomoni. Waopoe, waweke pembeni. Mafuta yaliyobaki ndiyo ya mchuzi.

*Hatua ya tatu: mchuzi.* Katika mafuta hayo kaanga vitunguu mpaka vilainike. Tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha binzari. Ongeza karoti zilizokunwa. Karoti zina vitamini A, na mwili huichukua vizuri zaidi ikipikwa na mafuta. Tia nyanya zilizokatwa, funika, ziache zipondeke zenyewe. Kisha tia maharage pamoja na kikombe kimoja cha maji yake. Ponda theluthi moja ya maharage kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Koroga karanga kwa maji ya uvuguvugu, mimina, na pika kwa moto mdogo dakika 10 huku ukikoroga, maana karanga hushika chini upesi.

*Hatua ya nne: tambi.* Wakati mchuzi unachemka, chemsha maji lita 4 katika sufuria kubwa. Yakishatokota tia chumvi kijiko kimoja cha chakula, kisha tambi. Koroga dakika mbili za mwanzo ili zisishikane. Usitegemee sana dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Sisi tunaokaa milimani, kwa mfano Njombe iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yetu hutokota yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi badala ya 100. Kwa hiyo tambi huchukua muda zaidi, na maharage vilevile. Kipimo cha kweli ni meno: uma tambi moja. Ikiwa katikati bado ina kiini cheupe, subiri. Ikiwa inapondeka kwa ulimi, umechelewa.

Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke. Maji hayo yana wanga, nayo husaidia mchuzi kushikamana na tambi. Zikishachujwa usizisuuze kwa maji baridi.

*Hatua ya tano: kuunganisha.* Tia mchicha uliokatwa kwenye mchuzi, funika dakika tatu tu. Mimina tambi ndani ya mchuzi pamoja na nusu ya kile kikombe cha maji, geuza kwa mwiko mpaka kila tambi ipate mchuzi. Onja chumvi. Epua, ndipo ukamulie limau. Limau lina vitamini C, ambayo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha; likichemshwa sana vitamini hiyo hupotea.

Pakua, nyunyiza dagaa juu kama wafanyavyo watu wa Sicily kwa chenga za mkate, na weka vipande vya parachichi pembeni. Ndizi mbivu au chungwa lifuate baada ya chakula.

5. Sufuria moja, watu wote

Uzuri wa chakula hiki ni kwamba hakuna anayepikiwa kivyake. Kuna marekebisho madogo tu:

- *Mtoto wa miezi 6 hadi 12:* Mchotee kabla ya kuongeza chumvi, ponda tambi, maharage na mchicha, tia dagaa waliotwangwa wakawa unga. Aliye chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama pekee.
- *Mtoto wa mwaka 1 hadi 5:* Mkatie tambi fupi. Asipewe karanga nzima, zinaweza kumpalia. Zilizosagwa hazina shida hiyo.
- *Mama mjamzito au anayenyonyesha:* Aongezewe maharage, dagaa na mboga, naye asingoje wengine wamalize.
- *Mzee, hasa mwenye kisukari:* Apunguziwe tambi, aongezewe mboga na maharage, kwa kadiri alivyoelekezwa na mganga wake.

Mtoto anayeogopa dagaa kwa sababu ya macho yao asilazimishwe. Watwange, wachanganye kwenye mchuzi. Atawala bila kujua, na siku moja utamwambia.

6. Kama pakiti haipatikani

Anayejua kusukuma chapati anaweza kutengeneza tambi. Chukua unga wa ngano gramu 400 na mayai 4, yaani yai moja kwa kila gramu 100. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini, lifunike lipumzike nusu saa. Sukuma kwa ubao na kifimbo cha chapati mpaka liwe jembamba sana, nyunyiza unga, likunje kama mkeka, kisha katakata kwa kisu upana wa nusu sentimita. Zikunjue na uzipike mara moja. Tambi mbichi huiva kwa dakika 3 hadi 5. Zina faida ya mayai, na watoto hupenda kushiriki kuzikata.

7. Makosa ya kuepuka

- Kunywa chai ya rangi pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai isubiri angalau saa moja.
- Kuongeza mkate au viazi kwenye sahani ya tambi. Hapo ni wanga juu ya wanga, na tumbo hujaa kabla ya mboga kufika.
- Kutegemea viungo vya pakiti au vya mche kutia ladha. Vingi vina chumvi nyingi. Kitunguu, tangawizi na limau vinatosha.
- Kumpa baba dagaa wote na kuwaachia watoto tambi. Katika sufuria hii anayekua ndiye wa kwanza.

8. Kwa kamati za sharika na marafiki wa miradi

Tunashauri kila kamati ichague siku moja katika robo hii na kupika pamoja. Usharika ununue tambi na dagaa. Kila mjumbe alete kitu kimoja kutoka shambani kwake. Baada ya kupika, andikeni gharama zote za fedha taslimu na kuzigawa kwa idadi ya waliokula, kwa bei za soko lenu. Hapo kila kaya itajua ni mara ngapi inaweza kumudu. Tunaomba pia akina baba wawe jikoni siku hiyo, wasikae kwenye mabenchi wakingoja kuonja. Najua baba mmoja aliyejifunza kwa kuchelewa.

Kwa marafiki wanaotuuliza walete nini: katoni ya tambi huliwa ikaisha, na wiki inayofuata swali linabaki pale pale. Mbegu za mboga, jogoo na mitetea, miche ya parachichi, mfuko mzuri wa kuhifadhia maharage yasibunguliwe, hivi ndivyo vinavyojibu "na nini?" mwaka mzima. Tambi tutazinunua wenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Jana usiku nyumbani kwako mlikula nini? Na nini?
2. Ni vyakula gani vya shambani kwenu huuzwa vyote bila watoto kuonja?
3. Nani hupakuliwa kwanza katika nyumba zetu, na nani mwisho? Kwa nini?
4. Mchuzi wa somo hili unaweza kuliwa na vyakula gani vingine mlivyo navyo?
5. Kamati itapika lini, na nani ataleta nini?

Hitimisho

Mama watoto alirudi kutoka masomoni akanikuta najua kuchambua dagaa. Alicheka, halafu akaonja, halafu akaomba aongezewe. Kitinda mimba wetu sasa yuko shule ya msingi na ana mbio kuliko mimi. Siku za tambi husimama mlangoni mwa jiko, hunitazama nikifunua sufuria, na huuliza kabla sijapakua, "Baba, leo tambi na nini?"

Namjibu kwa kuvitaja kimoja kimoja. Siku ambayo orodha ni fupi, ananipa kikapu, na tunakwenda wote bustanini kuchuma mchicha kabla giza halijaingia.